Moto Mdomoni mwa Dani

Asubuhi nyumbani kwetu Boito ilianza kwa kikohozi cha Dani. Sisi Waluo humwita nyanya Dani, na Dani wetu, Eucabeth, alikohoa kabla hata jogoo wa jirani hajawika. Wakati huo Mama alikuwa ameshatoka kwenda zamu ya alfajiri katika kiwanda cha chai. Mimi nilikuwa nawasha jiko, nabandika chai, kisha namwamsha mdogo wangu Janeffer, ambaye alikuwa gredi ya pili na hakuwahi kuamka kwa kuitwa mara moja. Nikiwa bado namtafutia soksi, sauti ya Dani ilitoka upande wa pili wa pazia.

"Janeffer! Kuja uniwashie."

Hapo ndipo Janeffer aliporuka kutoka kitandani. Kwa shule alikuwa mzito, lakini kwa sigara ya Dani alikuwa mwepesi ajabu.

Kuwasha sigara ya Dani hakukuwa kuichomeka tu kwenye kaa. Uliiweka midomoni, ukainamia jiko, ukavuta mpaka ikashika, halafu ukaipeleka mbio. Usipovuta, ilizimika njiani ukarudishwa. Kazi hiyo niliifanya mimi tangu nikiwa mdogo kuliko Janeffer, mpaka nilipoingia sekondari msingi. Mwalimu wetu wa sayansi alituchorea mapafu ubaoni, pafu moja zima na jingine la mvutaji, na siku hiyo nilirudi nyumbani nikasema siwashi tena. Nilidhani nimeshinda.

"Sawa," Mama alisema. "Basi Janeffer atakuwa anamwashia. Dani wenu hawezi kuinama kwa jiko na huo mgongo wake."

Niliudhika mpaka nikakosa hamu ya chakula. Kumbe kukataa kwangu kulikuwa kumemsukumia kazi hiyo mdogo wangu, na hakuna mtu mzima aliyeona kuna shida.

Dani hakuvuta kama watu unaowaona barabarani. Aliigeuza sigara, akaingiza upande wenye moto ndani ya mdomo, akafunga midomo. Wanawake wazee wengi wa kwetu, kule ziwani, huvuta hivyo. Lakini kwa Dani ilikuwa pia mbinu ya kazi. Alikuja huku akiwa ameolewa juzi juzi, akaanza kuchuna chai katika shamba kubwa la kampuni. Kuchuna chai kunataka mikono miwili, mvua ya huku ni ya kila siku mchana, na nyapara hakutaka kumwona mtu na sigara shambani. Moto ukiwa ndani ya mdomo, mikono iko huru, mvua haiuzimi na nyapara haoni kitu. Alipoacha kazi ya kampuni akaanza kuchuna katika mashamba madogo ya majirani zetu Wakipsigis, aliendelea vivyo hivyo. Aliweza kumaliza safu nzima ya chai bila kufungua mdomo, moshi ukimtoka puani kidogo kidogo.

"Dani, hiyo kitu inakuua," nilimwambia asubuhi moja.

Alicheka. "Nyakwara, mjukuu wangu, mimi moshi yangu nakula mwenyewe. Iko hapa ndani. Inasumbua nani?"

"Inatusumbua sisi! Nyumba yote inanuka. Na Janeffer anavuta kila asubuhi!"

"Havuti, anawasha tu. Wewe uliwasha miaka mingapi? Ulikufa?"

Kwetu, mtoto akijibizana na Dani anaambiwa hana adabu, hata kama ana haki. Niliimeza hasira yangu pamoja na chai, nikaenda shule.

Siku moja jioni nilirudi nikawakuta watoto wa jirani wakicheza nyuma ya nyumba. Janeffer alikuwa amebeba mgongoni kikapu kikuukuu cha Dani na kujifunga kiunoni nailoni ya wachunaji ya kukinga mvua, akichuna majani ya ua kwa mikono miwili, mdomo ameufumba, macho ameyakaza. Alimwigiza Dani vizuri kweli. Watoto walikuwa wakipiga kelele, "Dani! Dani!" wakishika mbavu kwa kicheko. Hata mimi nilitabasamu. Ndipo Janeffer akatoa ukelele ambao sijapata kuusikia tena, akatema kitu chini akaanza kurukaruka.

Kilikuwa kipande cha sigara. Alikuwa amekiokota, akakiwasha jikoni kama alivyozoea, halafu akakigeuza kama alivyoona kikigeuzwa kila siku ya maisha yake. Nilimfungua mdomo kwa nguvu. Ulimi ulikuwa umebabuka, na juu, kwenye kaakaa, ngozi ilikuwa imevimba malengelenge. Nilimwosha kwa maji baridi, nikambeba mgongoni mpaka zahanati. Njiani tulikutana na Dani akitoka kuchuna, akatufuata akikimbia na mabuti yake, akiuliza nini, nini, nini. Nilizidi kukaza mwendo.

Daktari Kipruto alimlaza Janeffer, akamwangalia kwa tochi. "Nani amekufundisha kufanya hivi?" aliuliza.

Janeffer hakuweza kusema. Alinyoosha mkono wake mdogo, akaweka kidole kwenye midomo ya Dani.

Daktari aliigeuza tochi. Kisha akamwomba Dani naye afungue mdomo. Alimulika kwa muda mrefu. "Mama, hapa juu pamekuwa pagumu kama kisigino," alisema. "Ndiyo maana wewe husikii moto. Si kwamba hauchomi. Nitakuandikia uende hospitali kubwa, wapaangalie vizuri."

Wasimulizi wengine wangesema walimhurumia nyanya yao wakati huo. Mimi sikumhurumia hata kidogo. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yananiwaka, na aliyenikasirisha hakuwa Dani peke yake. Tukirudi nyumbani tulipita dukani kwa Gitonga, ambaye sisi watoto tulimwita Baba Cate. Dani alizoea kumtuma Janeffer sigara hapo, moja moja; niliingia moja kwa moja bila kubisha hodi.

"Baba Cate, ni wewe unamuuzia Janeffer sigara. Sheria inakataza kuuzia mtoto. Na inakataza kuuza moja moja!"

"Ati nini?" Gitonga alicheka. "Wee kasichana, mimi nauzia nyanya yako. Huyo mtoto ni miguu tu."

"Miguu haina mdomo? Janeffer, muonyeshe."

Janeffer alifungua mdomo. Kicheko cha Gitonga kilikatika. Alifungua friji akatoa pakiti ya maziwa baridi, akasema tuchukue tu. Mimi niliyakataa. Dani ndiye aliyeyapokea, kwa mikono miwili, bila kumtazama mtu.

Jumapili iliyofuata Dani alisimama kanisani. Alishuhudia mbele ya watu wote kwamba ameacha sigara, na pakiti aliyobaki nayo ameitupa chooni. Watu walipiga makofi na mchungaji akamwombea. Siku za kwanza alikuwa mkali kama nyuki. Hakulala, mikono ilimtetemeka, na kila kikombe kilichoanguka kilikuwa kosa langu. Baadaye akatulia ghafla, nami kwa ujinga wangu nikafurahi.

Shule zikafungwa. Jumamosi moja ya likizo Mama alinituma nimpelekee Dani uji katika shamba la Chepkemboi, mama mmoja wa Kikipsigis aliyekuwa pia mhudumu wa afya wa kijiji chetu. Manyunyu yalikuwa yameanza. Wachunaji walikuwa wametawanyika kwenye safu, nailoni zimewafunika kiunoni, na Dani alikuwa upande wa mwisho.

"Dani, nimeleta uji."

Alitikisa kichwa.

"Dani, leo Janeffer amekula ugali! Wa kwanza tangu aungue. Amemaliza wote."

Habari kama hiyo ingemfanya Dani apige vigelegele. Alitikisa kichwa tena, macho kwenye majani. Nilisimama pale na jagi langu. Dani ni mtu wa kusema. Huwezi kumpa habari njema akakujibu kwa shingo. Kisha nikauona moshi ukimtoka puani.

"Fungua mdomo," nilisema.

Hakufungua.

"Fungua mdomo, Dani! Ulisimama kanisani! Ulidanganya Mungu na ukadanganya Janeffer! Fungua!"

Wachunaji wote waligeuka kututazama. Dani alifungua mdomo polepole, na ile sigara ikaanguka juu ya chai, ikazimika kwenye majani yaliyolowa.

"Wewe msichana!" alipaza sauti mchunaji mmoja aliyeitwa Bosibori. "Unampigia nyanya yako kelele namna hiyo?"

"Ndiyo, nampigia! Na nyinyi mlikuwa mnajua, mkanyamaza!"

Wote waliinamia majani yao. Niliweka jagi chini, nikaondoka mbio, machozi na mvua vikinichanganyikia usoni.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mama alinipokea mlangoni. "Ulimwambia Dani afungue mdomo mbele ya watu? Kama ng'ombe anayeuzwa sokoni? Molly, nani amekulea?"

"Wewe umenilea! Na wewe ndiye unamnunulia pakiti nzima ukilipwa!"

Mama aliinua mkono kunipiga, akaushusha. Ilikuwa kweli. Kila mwisho wa mwezi alimletea mama mkwe wake pakiti ya sigara kama zawadi, na Dani akambariki kwa zawadi hiyo.

Jioni hiyo Chepkemboi alikuja, na Dani nyuma yake akiburuta mabuti. Chepkemboi hakuwa mtu wa kuzunguka. Alikataa hata kiti.

"Molly, umekosa adabu," alisema. "Mtu mzima haaibishwi shambani. Omba msamaha."

"Nisamehe, Dani," nilisema, meno nimeyauma.

"Sawa. Sasa nimalizane na wewe, Eucabeth. Huyu mtoto amekosa adabu, lakini hajasema uongo. Hata mimi nimekasirika. Ni shamba langu, na ulijificha kwa shamba langu."

Nilidhani Dani angenyamaza. Alilipuka.

"Mnafikiri mimi nataka? Yawa! Asubuhi mikono inakataa kushika kikombe. Nasimama kwa chai, naona jani moja kama mbili. Nimeapa mbele ya Mungu alafu nimeanguka, na naenda kanisa kila Jumapili watu wananisalimia eti hongera. Mnajua hiyo aibu? Naichukia! Naichukia hiyo sigara kushinda nyinyi wote!"

Akaketi kitandani akalia, na kilikuwa kilio cha hasira. Ilikuwa mara ya kwanza kwangu kusikia kwamba Dani naye alikuwa amekasirika, na kwamba hasira yake na yangu zilikuwa zinaelekea upande mmoja. Nilienda nikakaa karibu naye, na safari hii nilimwomba msamaha bila kuuma meno.

"Basi nisikilize," Chepkemboi alisema, sauti imeshuka. "Mazoea yana taabu, na hii yako ni ya miaka mingi. Kuanguka mara moja si mwisho. Lakini umefanya kosa moja. Umevuta miaka yote ukijificha, na sasa unataka kuacha ukijificha pia. Haiwezekani. Hamu ikikuja, inakaza kidogo halafu inapita, kama hujailisha. Hapo ndipo unahitaji watu. Sasa kesho ikikuja, usifunge mdomo. Ongea. Mdomo inaongea haiwezi kushika moto."

"Niongee nini?" Dani aliuliza akijifuta pua.

"Chochote. Tukana hata mvua."

Mama aliahidi kwamba zawadi ya mwisho wa mwezi itakuwa kitu kingine. Mimi niliambiwa nitachuna safu iliyo kando ya Dani likizo yote, na nikiona amenyamaza, nimchokoze mpaka aseme.

Jamani, Chepkemboi hakujua alichofungulia mlango. Dani alisema kutwa. Aliitukana mvua, akaitukana baridi, akamtukana Gitonga na duka lake. Alimkosoa Bosibori kwa kuacha chipukizi nyuma, na mimi akanigombeza kwa kuchuna majani manne badala ya mawili na chipukizi, kwa kuburuta miguu na kwa kusuka nywele vibaya. Hamu ilipombana zaidi, alipaza sauti: "Imekuja! Imekuja, watu wangu!" na wanawake wa safu zote wakaanza kumuuliza maswali kwa pamoja. Walimuuliza habari za mumewe, nyapara wa zamani, na jinsi alivyonaswa na matope siku ya kwanza kufika huku.

"Afadhali alipokuwa anavuta," Bosibori alilalamika siku moja. "Tulikuwa na amani hapa."

Watu walicheka mpaka vikapu vikatikisika, na Dani akacheka kuliko wote. Aliteleza mara moja tu, siku ya mazishi ya rafiki yake, akavuta nusu sigara. Safari hiyo hatukumfumania. Alikuja nyumbani akatuambia mwenyewe, amesimama mlangoni, kabla hata hajavua mabuti.

Chepkemboi alimsindikiza hospitali kubwa. Walimkata kipande kidogo cha kaakaa wakakipima, wakasema si saratani, lakini awe anarudi kuangaliwa. Huko walimpata pia mshauri wa wanaoacha sigara. Dani alitusimulia kwamba mshauri mwenyewe ni kijana mdogo, ila anajua kusikiliza.

Mwezi wa Desemba Mama Ooko alikuja kututembelea kutoka nyumbani ziwani. Marehemu mume wake na marehemu mume wa Dani walikuwa ndugu, na wake hao wawili walikuwa wamekula sahani moja tangu ujana wao. Alituletea samaki wakavu. Dani aliimba kwa furaha, Mama akapika, nyumba ikajaa vicheko. Baada ya kula, Mama Ooko aliegemea ukuta, akaingiza mkono kifuani, akatoa pakiti, akachomoa sigara.

"Janeffer, mtoto wangu, kuja uniwashie."

Janeffer aliinuka. Mgeni akituma, mtoto haulizi. Aliipokea ile sigara na kugeukia jiko, na mimi nikasimama, damu imenipanda kichwani, mdomo tayari wazi. Lakini Dani alikuwa amenitangulia. Kwa mgongo ule ule wa kuuma, aliruka kama msichana, akaichukua sigara kutoka mkononi mwa Janeffer.

"Huyu mtoto hatumwi hii," alisema.

"Eucabeth! Mimi ni mgeni wako. Nimeomba moto tu."

"Moto iko kwa jiko. Ukitaka, inama mwenyewe, alafu uende nayo huko nje, mbali na hawa watoto."

Mama aliinamisha kichwa kwa aibu. Mgeni wa kutoka nyumbani haambiwi hivyo. Mama Ooko alimtazama Dani kwa uchungu, macho yamemjaa maji.

"Eti wewe ndiye unaniambia hivyo?" alisema. "Wewe? Si ni wewe ulinifundisha kuweka moto ndani?"

Dani alimwangalia machoni.

"Ni mimi," alisema. "Nilikufundisha wewe kwa maneno. Huyu mdogo nilimfundisha bila kumwambia hata neno moja. Nilimtuma tu, kila asubuhi, mpaka akaungua ulimi. Tunawaambia watoto msivute, halafu tunawatuma wawashe. Mtoto hashiki kile unamwambia, anashika kile unamtuma. Mimi nimejua hiyo nikiwa mzee, na ilibidi msichana huyu anipigie kelele mbele ya shamba nzima. Kelele yake ilikuwa mbaya. Lakini mtu mzima hapaswi kungoja mpaka mtoto akose adabu ndio asikie ukweli."

Alimrudishia Mama Ooko sigara yake. Mama Ooko aliishika akaizungusha vidoleni.

"Na mimi, Eucabeth?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Mimi nitaanzia wapi?"

Dani alivuta kigoda, akakaa karibu naye mpaka magoti yao yakagusana.

"Anzia hapa. Niambie habari ya nyumbani. Yote. Nani ameoa, nani amegombana, nani ameiba kuku ya nani. Usinyamaze."

Mama Ooko aliirudisha sigara kwenye pakiti, akaanza kusema.